Bia ya Mia Saba

Kuna wanawake wanaopenda kwa akili, na kuna wanaopenda kama Ngendo. Huyu alipenda hadi akaanza kusalimia wateja kwa Kikamba pale kwa duka la chakula cha mifugo alikofanya kazi, mjini Thika, na wazee waliokuja kununua pumba wakabaki wakiangaliana. Miaka miwili na nusu, kila sentensi yake ilikuwa na Musembi ndani, yule mpenzi wake Mkamba. Musembi amesema hivi, Musembi hapendi vile. Dada yake mdogo Shiko alifika mahali akawa anaziba masikio.

Sasa Jumamosi ya posa ilikuwa imefika. Nyumbani kwao Kamenu hema lilikuwa limesimamishwa uani, viti vya plastiki vimepangwa, mbuzi wawili wamechinjwa, na watu wa Musembi kutoka Ruiru walikuwa wamekaa wakijipangusa jasho la saa saba. Kazi ya Ngendo siku hiyo ilikuwa moja tu. Baba yake angemwita mbele ya watu wote na kumuuliza, kama wasichana wa ukoo wao walivyoulizwa tangu zamani: "Tunywe njohi ya huyu mtu, ama tusinywe?" Akionja kidogo na kumpa baba yake kikombe, basi ameolewa. Akikirudisha mezani bila kuonja, wageni wanarudi walikotoka na hakuna wa kubishana. Ngendo alikuwa amefanya mazoezi ya kuonja mbele ya kioo. Usicheke. Hata wewe ungefanya.

Shida ilikuwa hiyo njohi yenyewe, hiyo pombe ya posa.

Wazee walikuwa wameagiza muratina, pombe ya asali, kama kawaida. Musembi akakataa. Alikuja na katoni mbili za bia yake mwenyewe, bia aliyoipika kwa mitungi ya chuma nyuma ya vibanda vya nyama choma pale Kamakis, Ruiru. Chupa nyeusi, lebo ya dhahabu, na jina Kyeni, yaani mwanga kwa lugha ya kwao. Bei yake, keti kwanza, shilingi mia saba. Nasema chupa moja, si kreti.

"Siwezi kumposa bibi yangu na pombe iliyopikwa na mtu mwingine," alikuwa amemwambia Ngendo kwa simu siku ya Alhamisi. "Nitakuposa na kazi ya mikono yangu."

Ngendo alilia aliposikia hivyo. Hakuna neno tamu kama hilo alilowahi kuambiwa.

Baba yake hakulia. Mzee Zacharia Njau alikuwa amemimina bia miaka thelathini na moja katika baa moja ya Thika, hadi akastaafu akiwa mkubwa wa kaunta. Alichukua chupa moja ya Kyeni, akaisoma lebo yote mpaka maandishi madogo ya chini, kisha akaiweka mezani.

"Mia saba," akasema.

"Mia saba, mzee," Musembi akajibu, akitabasamu. Hilo tabasamu lake ndilo lililomfanya Ngendo, siku ya kwanza kabisa, asahau alichotumwa Kamakis.

"Hiyo ni kilo ya nyama."

"Ni kweli, mzee."

"Sasa niambie. Ikishuka huku tumboni, inajua ni ya mia saba?"

Upande wa kina Ngendo waliangua kicheko. Tata Rachael, shangazi yake Ngendo, ambaye mdomo wake ulikuwa umevunja vyama viwili vya kina mama, alicheka mpaka akashikilia meza.

"Usione vyaelea, mzee wangu, vimeundwa," Musembi alisema. "Shayiri naichagua kwa mkono. Inakaa kwa mtungi wiki sita. Hizi zenu za baa zinakaa siku ngapi? Rahisi ni ghali."

"Na kizuri chajiuza," mzee akajibu. "Kibaya ndicho kinatafutiwa lebo ya dhahabu."

Mzee Nzomo, mjomba wa Musembi na msemaji wao siku hiyo, alikohoa na kusimama. "Wakwe zetu, mtusamehe. Hii muratina tumeisahau njiani. Tutairudia, na tutaongeza mbuzi mmoja wa kuomba msamaha."

"Hatujaisahau, mjomba," Musembi akamkatiza. "Nimeiacha makusudi."

Ngai! Kila mtu anajua siku ya posa bwana harusi hasemi. Anakaa kimya kama mgonjwa, anasemewa. Tata Rachael aliacha kucheka. Mzee Nzomo alikaa chini polepole, mtu wa miaka sabini aliyefungwa mdomo na mtoto wa dada yake mbele ya wakwe. Ngendo, aliyekuwa akichungulia kwa dirisha la jikoni, alifunga macho. Akajiambia ni woga. Mtu akiogopa huongea sana.

"Vizuri," mzee Zacharia alisema. "Napenda mtu anayejiamini. Shiko! Nenda hapo kwa baa ya barabarani, ulete bia mbili za kawaida. Dada yako atamimina vikombe vitatu. Kimoja cha huyu kijana, viwili vya baa. Yeye tutamfunga macho."

"Mzee Zacharia," Nzomo alianza, "hii si desturi..."

"Hata kuacha muratina si desturi. Kama hii bia ina thamani hiyo, mwenyewe ataijua gizani. Akiikosa, arudi nayo Ruiru, na nisimwone kwa hili lango tena."

"Na nikiijua?" Musembi aliuliza.

"Ukiijua nitasimama mbele ya ukoo wangu niombe msamaha."

"Lete kitambaa," Musembi akasema, kabla mjomba wake hajamshika mkono.

* * *

Jikoni Ngendo alikuwa akitafuta vikombe. Shiko aliingia akihema, akatua chupa mbili za baa kando ya sinki.

"Aki baba leo ameamka na zake," alisema. "Lakini si yuko poa tu? Si ni bia yake? Ataijua."

Ngendo alikuwa anakumbuka siku moja mwezi wa tatu, katika nyumba ya Musembi kule Ruiru, alipomimina glasi mbili, moja ya Kyeni na moja ya bia ya kawaida iliyoachwa na jirani, zikachanganyika mezani. Musembi alichukua ile ya jirani. Akafunga macho, akaizungusha mdomoni, akamwambia, "Unasikia hiyo shayiri?" Ngendo akasema anaisikia. Angesema nini? Mtu ukimpenda, mengine unayasikia hata kama hayapo.

Alifungua friji akatoa Kyeni moja, baridi ya kuuma meno. Akachukua ya pili kwenye ndoo ya barafu. Ya tatu, ili vikombe visifanane, akaitoa kwa katoni iliyokuwa chini ya dirisha, imepigwa na jua tangu asubuhi. Akapanga vikombe vitatu vya bati, vyeupe, akamimina moja moja. Zile za baa akazimwaga kwa sinki.

"Wee!" Shiko alishika kichwa. "Ngendo! Umeweka Kyeni kwa vyote?"

"Punguza sauti."

"Huo ni wizi!"

"Hawezi kukosea sasa. Aguse chochote, ni chake."

"Na baba akionja? Baba alimimina bia miaka thelathini!"

"Baba ana sukari, daktari alimkataza. Leo ni kulowesha midomo tu, tena mwisho."

Shiko alimtazama dada yake. "Unampenda hivyo?"

"Mama alipolazwa, nani alikuwa anakuja kila jioni kutoka Ruiru na supu ya kuku kwa thamosi? Siku kumi na nne, Shiko. Wewe ulikuja mara ngapi? Mimi nilimwona akimpulizia mama supu kama mtoto. Huyo mtu siwezi kumwacha apotee kwa sababu ya kikombe."

Shiko alibeba sinia mwenyewe, kwa sababu mikono ya Ngendo ingemwaga.

* * *

Uani walikuwa wamemfunga Musembi macho kwa kitambaa cha kichwa cha Tata Rachael, cha maua ya zambarau.

"Angalieni, hata kinampendeza," Tata alisema. "Tungemtafutia na herini."

Watu wakacheka. Musembi aligeuza kichwa huku na huku akitafuta sauti inatoka wapi, mwanamume mzima na suti yake ya bluu. Ngendo alitaka kwenda kumshika bega amwambie, usiogope, nimeshafanya. Akabaki amesimama kando ya mama yake, ambaye alikuwa anaomba kimyakimya.

Sinia ilitua. "Ngojeni," mzee Zacharia akasema.

Akachukua kikombe cha kwanza, akanywa funda moja. Ngendo aliushika mkono wa mama yake. Mzee akachukua cha pili. Akakaa nacho mdomoni kidogo, akameza. Akachukua cha tatu. Akakirudisha kwenye sinia, akajifuta midomo, kisha akainua macho na kumtazama binti yake.

Alijua. Miaka thelathini na moja si mchezo. Yale macho hayakuwa na hasira, na ndiyo sababu yaliuma zaidi, maana hasira ya baba yake Ngendo alikuwa ameizoea. Alimsihi kwa macho. Baba, tafadhali. Baba, nakuomba. Mzee akaketi.

"Haya, kijana, onja," alisema kwa sauti ya upole kabisa. "Na utuelezee kila kimoja, polepole. Sisi ni watu wa hapa tu. Utufunze."

Ngendo alishukuru Mungu. Alidhani baba yake amemhurumia.

Musembi alipewa kikombe kilichotoka kwa friji. Akakinusa, akanywa. "Hii ni ya baa," alisema mara moja. "Baridi tu, ndani hakuna kitu. Wanaipoza hivi usijue unakunywa nini."

"Una uhakika?" mzee aliuliza.

"Mzee, mimi nimesomea hii kazi."

Akapewa kile kilichopigwa na jua. Akanywa, akakunja uso wote, akatema chini, karibu na viatu vya Tata.

"Wapi mmetoa hii? Haya ni maji ya kuoshea sufuria! Mbwa akipewa hii atahama boma."

Vicheko. Hata mzee alicheka, na alikuwa anajua kucheka akitaka. "Kwa hivyo aliyeipika hii, wewe unaonaje?"

"Aliyeipika hii afungwe."

"Miaka mingapi?"

"Maisha, mzee! Huyo asitoke!"

"Mmesikia? Anasema maisha," mzee aliwageukia watu, na watu wakapiga makofi. Shiko aliweka mkono mdomoni, akageuka na kurudi jikoni mbio. Hapo ndipo Ngendo alipoelewa. Baba yake hakuwa amemhurumia mtu. Alikuwa anamwachia Musembi kamba, na Musembi anajifunga nayo mwenyewe.

Kikombe cha mwisho Musembi alikinywa chote. "Hii," alisema, na sauti yake ikawa ile aliyozoea kumsemesha Ngendo wakiwa wawili, ile ya siri. "Hii ndiyo yangu. Huyu ni mtoto wangu. Hata nikifa nitamjua."

"Ni yake," mzee Zacharia alisema. "Ameijua."

Watu wa Ruiru waliruka kutoka vitini. Kina mama wao wakapiga vigelegele. Mama yake Ngendo alimkumbatia binti yake huku machozi yakimtoka. Musembi aling'oa kitambaa, nywele zimevurugika, uso unang'aa, na Ngendo alingoja. Alingoja amtafute yeye kwanza, watazamane hata kidogo, wacheke pamoja kama walivyozoea.

Musembi hakumtazama. Aligeukia baba yake.

"Mzee, ulisema utasimama."

"Musembi," mjomba Nzomo alinong'ona, akimvuta koti. "Mwanangu, imetosha. Umeshinda."

"Hapana, mjomba. Nilidharauliwa hapa. Na asimame."

Mzee Zacharia alisimama. Akavua kofia yake. "Nilisema bia ya huyu kijana haina thamani," alisema. "Naomba msamaha."

"Sauti, mzee. Wa nyuma hawajasikia."

Ngendo alimwona baba yake amesimama, nywele nyeupe, kofia mkononi. Angeweza kusema. Neno moja tu lilitosha kumzika yule kijana hapo hapo. Hakulisema, kwa sababu ya Ngendo, na Ngendo alijua ni kwa sababu yake.

"Naomba msamaha," mzee alirudia kwa sauti kubwa.

"Hapo sawa." Musembi alifungua Kyeni nyingine kwa madaha, sasa akiwa mwalimu na wote wanafunzi wake. "Unajua shida ya watu wa huku ni nini? Mnaogopa bei. Lakini kitu ni bei unayokiwekea. Ukijiuza rahisi utanyweka rahisi, kisha utupwe."

"Kitu ni bei," mzee alisema, kama mtu anayejifunza. "Na huyu binti yangu?"

Mzee Nzomo alifunga macho. Yeye aliona shimo. Musembi hakuona.

"Ngendo?" Alicheka. Alikuwa amefurahi tu, masikini, hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo baya zaidi. "Tuseme ukweli. Ngendo alikuja Kamakis kuchukua machicha ya bia ya kulisha nguruwe zenu. Gunia mgongoni, gambuti za matope, ananuka chakula cha ng'ombe. Nani angegeuka kumwangalia? Vijana wangu walimcheka. Mimi nikasema, hapana, huyu akioshwa na kuwekwa lebo, atapanda bei. Na si mmwangalie sasa? Nani angejua?"

Wengine walicheka. Tata Rachael hakucheka. Ngendo alikuwa amevaa gauni la kijani alilochaguliwa na Musembi, viatu alivyochaguliwa na Musembi, nywele alizosukwa Ruiru kwa msusi aliyechaguliwa na Musembi. Aliona haya mpaka akatamani kuvua kila kitu pale pale. Gunia lile alilikumbuka. Alikumbuka jinsi Musembi alivyokuja akalichukua mgongoni mwake na kulipeleka mpaka kwa gari. Kwa miaka miwili na nusu aliamini ule ndio ulikuwa mwanzo wa kupendwa.

"Ngendo," baba yake aliita. "Njoo hapa, mama."

* * *

Alitembea mpaka mezani. Mzee alimimina Kyeni katika kikombe kisafi, akampa kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka.

"Binti yangu. Watu hawa wametoka Ruiru. Wanasema wamekupenda. Mimi sina neno tena, hata nimeomba msamaha. Sasa ni wewe. Tunywe hii njohi, ama tusinywe?"

Musembi alimkonyeza. Alikuwa na uzuri wake wote siku hiyo, na Ngendo alimpenda. Tusidanganyane, alimpenda hata dakika hiyo. Mapenzi si taa, huwezi kuyazima kwa kidole.

"Musembi," alisema. "Kikombe cha kwanza ulisema ni nini?"

"Ngendo, onja kwanza, mpenzi. Watu wana njaa."

"Ulisema nini?"

"Nilisema ni ya baa. Hakuna kitu ndani."

"Na cha pili?"

"Maji ya sufuria." Aliwatazama watu, akicheka. "Kwani wewe hukusikia?"

"Shiko!" Ngendo aliita. "Leta zile chupa."

Shiko alitoka jikoni na sinia. Juu yake kulikuwa na chupa tatu nyeusi, tupu, lebo za dhahabu zikiangalia watu. Akaziweka mbele ya Musembi mojamoja.

"Mimi ndiye nilimimina," Ngendo alisema. "Za baa nilimwaga. Vyote vitatu vilikuwa vyako."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Tata Rachael akaelewa, na kile kicheko chake kilitoka juu mpaka majirani wakachungulia kwa ukuta.

"Uuuwi! Maji ya sufuria! Ameyapika mwenyewe! Na mbwa akihama, atahamia wapi? Kamakis?"

Uani mzima ulivunjika. Hata watu wa Ruiru, wengine walijificha nyuma ya mikono. Musembi alikuwa ameshika chupa moja, anaitazama kama mtu anayesoma barua ya hospitali. Uso ulikuwa umemwisha rangi.

"Ulinitega," alimwambia Ngendo.

"Nilikukinga. Nilitaka ushinde hata ukikosea."

"Basi ungenikonyeza! Ungenigusa tu mguu, nikajua! Ngendo, umeniacha niongee yote yale?"

"Baba yangu pia alikuacha uongee. Alijua tangu mwanzo. Akasimama akakuomba msamaha mara mbili ili mimi nisiaibike. Wewe ukamwambia wa nyuma hawajasikia."

Musembi akamtazama mzee, mzee akatazama pembeni. Akarudi kwa Ngendo, na sauti ikashuka, ikawa ile ya siri. "Mpenzi. Ni bia tu. Nimekosea, nimeongea vibaya. Onja, tuyamalize. Nyumbani utanigombeza utakavyo."

"Ngendo," mama yake alisema nyuma yake, akilia. "Mama, fikiria. Kumbuka hospitali."

Alikumbuka. Hakuna alichosahau. Aliinua kikombe mpaka karibu na midomo, na Musembi akaanza kutabasamu. Harufu ya ile bia ilikuwa nzuri. Ilikuwa bia nzuri kweli, labda hata ilistahili zile mia saba. Aliyeitengeneza ndiye hakuwa anaijua.

Akakirudisha mezani.

"Msinywe," alisema.

"Ngendo!"

"Ulisema aliyeipika afungwe maisha, asitoke. Mimi sitaki kufungwa naye."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kibaya. Mtu mmoja upande wa nyuma aligonga meza. Ngendo alikuwa amelichagua lile neno akijua litafanya nini, na lilifanya. Alimwona Musembi akiinamisha kichwa, mabega yakishuka ndani ya suti ya bluu, na hakusikia raha yoyote. Baba yake naye hakucheka. Alivaa kofia yake na kuketi, amechoka kama mtu aliyetoka mazishini.

Mzee Nzomo alisimama, akaanza kukusanya katoni. "Tumesikia," alisema kwa heshima. "Tutaenda, mzee Zacharia."

"Kaeni," mzee akasema. "Hakuna mgeni ametoka kwangu na njaa. Mbuzi wamechinjwa kwa ajili yenu. Mtakula, ndipo mwende. Ngendo, nawisha wageni."

Hiyo pia ni desturi, na haina huruma. Aliyeulizwa ndiye hunawisha, awe amekubali au amekataa. Ngendo alichukua birika la maji ya moto na beseni, taulo begani, akaanza kwa mzee Nzomo. Akamimina. Mzee akanawa, akasema, "Asante, mwanangu," bila kuinua macho. Akaenda kwa wa pili. Wa tatu. Watu walikuwa wameacha kucheka sasa. Hata Tata Rachael alikuwa anashughulika na sahani.

Akafika kwa Musembi.

Alinyoosha mikono juu ya beseni. Ngendo aliijua ile mikono, kovu la kidole gumba, kucha fupi, ngozi iliyokauka kwa sabuni ya kuoshea mitungi. Ilikuwa imeshika kijiko cha supu. Ilikuwa imemshika yeye. Alimimina, na Musembi hakunawa, aliiacha tu chini ya maji, na Ngendo akaendelea kumimina, kwa sababu akiacha ingebidi aende kwa mtu mwingine.

"Sema kitu," Musembi alinong'ona. "Ngendo, tafadhali. Nitukane hata. Sema kitu chochote."

Maji yakaisha kwenye birika. Alimpa ncha ya taulo, kama alivyowapa wengine wote.

"Karibu chakula, mgeni," alisema.

Kisha akarudi jikoni kujaza birika, maana wageni sita walikuwa bado hawajanawa.